Unga wa Kinga

3 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama na mgongo wake hawajambo? Mimi mzima, ila huyu wa tumboni anapiga teke kama anadai kodi.

Huku samaki wanakufa. Kila asubuhi natoa wanaoelea, na nikiwapasua nakuta ini limepauka. Mume wangu analaumu ule unga wa kinga uliomuuzia, tunaouchanganya kwenye chakula chao. Anasema siendi kujifungulia kwa mama mpaka bwawa litulie. Kaka, hii ni mimba yangu ya kwanza. Naogopa, namtaka mama.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, mama anakuulizia kila akikaa kula.

Unga ule unaibana sumu ya ukungu tumboni mwa samaki, tena unampa nguvu ya kupambana na maradhi. Lakini haugeuzi uozo kuwa chakula. Kuvaa koti la mvua si ruhusa ya kujitosa kisimani! Nilimwambia shemeji, akacheka. Hebu tia mkono katikati ya gunia la chakula chao, unuse.

Kaka yako

21 Machi

Kaka,

Shikamoo, poleni na kazi.

Nimenusa, nikakohoa hadi machozi. Magunia mapya yapo, ila mama mkwe hataki yafunguliwe kabla ya yale ya zamani kwisha. Kwake, kutupa chakula ni laana. Basi juzi walipokwenda msibani, nilichota kile chakula chote chenye ukungu kwa ndoo nikakifukia nyuma ya choo. Wakiuliza, nitasema samaki ni walafi. Niombee wapone, nije.

Mdogo wako

16 Mei

Mdogo wangu,

Mbona kimya? Afya yako vipi? Jumamosi nilikuja kukuchukua. Shemeji alinipokea kwa bashasha, akanipa chai, akausifu unga wangu na kuagiza mwingine. Nilipokuulizia, akasema umelala, daktari kakataza usisumbuliwe. Nikarudi. Mama hajanisemesha tangu siku hiyo, na ana haki.

Niandikie hata mstari mmoja.

Kaka yako

19 Mei

Kaka,

Shikamoo. Kumbe ulikuja! Sikuwa nimelala. Nilikuwa stoo, nachanganya chakula, na mlango wa stoo hufungwa kwa nje siku hizi, eti wezi.

Samaki wamepona, wamenenepa. Mama mkwe anawaambia wageni kwamba mkono wangu una baraka, asiguse chakula mwingine. Nilimweleza mume wangu ukweli, magunia, shimo, kila kitu. Akacheka, akasema mwenye kipaji hujishusha. Kitanda changu kimehamishiwa chumba cha pembeni ya stoo. Nikimuuliza lini nitakwenda kwa mama, ananijibu, "Wakianza kufa tena je?"

Barua hii anakuletea jirani. Uchungu umenianza leo asubuhi. Mama mkwe kaja, kanipapasa mgongo kwa upole kabisa, kasema bado kuna muda, nichanganye kwanza chakula cha samaki cha jioni.

Mdogo wako