Mbele ya Mkwe Wake

Nyamisati, Rufiji
Ijumaa

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nimekaa juu ya sanduku tupu, kazi imesimama mpaka watu watoke msikitini. Goti lako je, limekubali kukunjwa, au bado unaswali umekaa? Mimi mzima wa afya, ila nimechoka, mama. Nimechoka hata kuchana nywele kunanishinda.

Ulisikia kwa shangazi kwamba nimepewa usimamizi. Ni kweli. Tangu iwe ruksa kwa watu binafsi kununua kamba, tajiri mmoja wa Dar es Salaam kajenga banda lake hapa, nami nasimamia wanawake saba. Wanakata vichwa vya kamba, wanawapanga kwa ukubwa kwenye trei, kisha tunawafukia kwenye barafu wangoje gari. Wakubwa trei yenye herufi A, wa kati B, wadogo C.

Kati yao yumo Bi Mwanaidi, mtu mzima wa rika lako. Kila siku trei zake zilikuwa zimechanganyika. Tajiri akarudisha mzigo mzima, na salamu kwamba ikitokea tena nifungashe virago. Asubuhi iliyofuata nikakuta kachanganya vile vile. Nikamfokea mbele ya wote: "Kama macho yamekwisha, kaa nyumbani ulee wajukuu." Alinawa mikono, akajitanda kanga yake, akaondoka.

Kesho yake walikuja wawili tu. Kamba walishuka wengi, barafu ikayeyuka tunaitazama, na miiba ya vichwa ikanichoma hadi vidole vikavimba. Nusu ya mzigo tuliutupa. Nikamwuliza Siwema, mmoja wa wale wawili, wenziwe wako wapi.

"Wamekasirika, dada Rehema," akasema. "Yule mama macho yake mazima. Kasoma chuoni, Kurani anaisoma vizuri. Hizi herufi zako za kizungu ndizo asizozijua, na aliona haya kukuuliza, wewe sawa na mwanawe."

Mama, nilimkumbuka baba akirudi kutoka mkongeni, mnyapara kamtukana mbele ya wenzake, anakaa mbele ya sahani asile. Na mimi sasa ndiye mnyapara.

Jioni nilivuka mto hadi kwake. Alinitandikia mkeka. Nikaomba radhi. Aliendelea kuchambua mchele, kisha akasema, "Kosa langu nalikubali, mwanangu. Lakini pale alikuwapo mke wa mwanangu. Ulinivua nguo mbele ya mkwe. Ukiwa na neno nami, niite pembeni."

Nikamwambia nitamwita pembeni.

Alirudi baada ya siku tatu, na wenzake nyuma yake. Sasa kila trei naiwekea kamba mmoja wa mfano badala ya herufi, na hachanganyi. Lakini usidhani nimekuwa malaika. Juzi nilimpandishia Siwema sauti kwa kuchelewa, nikaona uso wake unashuka, ikabidi nianze upya: nikamtoa nje, nikamwuliza kulikoni. Kumbe kaacha mgonjwa nyumbani. Kusema taratibu kunachosha kuliko kufoka, mama. Ukifoka umemaliza, huku lazima ungoje mtu ajieleze, na miguu inakuuma.

Jana nilifunga masanduku manne bila kuzibua matundu ya kutolea maji ya barafu. Yangeondoka hivyo, kamba wangefika wameharibika. Aliyeona ni Bi Mwanaidi. Banda limejaa, dereva kasimama pale. Akanigusa kiwiko: "Rehema, njoo mara moja unisaidie kuni huku nyuma."

Hakukuwa na kuni. Nyuma ya banda akaniambia polepole habari ya matundu. Kisha akatangulia kurudi ndani, akaniacha nifute uso.

Nisalimie shangazi Mwanaisha, na kaka Hamisi na cherehani yake, na jirani yetu muuza vitumbua. Mdogo wangu Asha, wewe unayemsomea mama barua hii, usiiruke sehemu ya baba.

Wanatoka msikitini. Naenda.

Mwanao,
Rehema