Chumba cha Wenye Asali

Jumatatu, 2 Juni 2025

Qais karudi kutoka Dar na kompyuta mpya na maneno mapya. Mdogo wangu huyu! Anasema duka letu la asali haliwezi kubaki duka tu, lazima liwe jukwaa. Wafugaji nyuki, wanunuzi, wasafirishaji, benki — wote ndani ya simu moja. "Dada Tufaha, sisi sasa hatuuzi asali. Tunaunganisha watu."

Marehemu baba aliuza asali. Nikamuuliza, basi sisi tutakuwa tunauza nini? Akacheka. Sikukipenda kile kicheko.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeshinda na simu sikioni. Qais anataka wafugaji wote wajiandikishe. Anakleti wa Ulyankulu akauliza kama kuna mtego. Nikamwambia hakuna, ni sisi wenyewe. Basi, akajiandikisha papo hapo, hakuuliza la pili. Huyu miaka yote anatuletea asali yake, analala chumba cha uani — chumba cha wenye asali, tangu babu alipokuwa akipokea watu wa misafara — anakunywa kahawa yetu, na asubuhi ndipo tunapima. Geti la nyuma hagongi. Anaingia tu.

Kwa nini Qais hakuwapigia mwenyewe?

Jumapili, 8 Juni

Idi imepita salama. Halua imebaki kidogo, nimemwekea Anakleti ampelekee mkewe Vestina. Qais anaongea na simu bafuni. Nikipita anafungulia maji. Mimi mtoto?

Jumanne, 10 Juni

Anakleti kapiga. Watu asiowajua wanamtafuta, wa Mwanza, wa Arusha, wanataka asali yake. Mmoja anajua hata mizinga yake iko upande gani wa msitu! Akaniuliza taratibu: dada, namba yangu umempa nani?

Nikamvamia Qais. Wala hakushtuka. Eti ndivyo mfumo unavyofanya kazi: kila mnunuzi anamwona kila muuzaji, na wanunuzi wanatulipa ili waone. Wafugaji watapata bei nzuri, kosa liko wapi? Labda kweli bei itakuwa nzuri, sijui. Ila nimeshajua tunauza nini. Tunawauza wao. Na aliyewaita ni mimi, kwa mdomo wangu. Nimeona aibu mpaka chakula kimenishinda.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi nimetandika kitanda cha uani. Anakleti alituma ujumbe kwamba anakuja. Nikafurahi kama mjinga — kumbe bado anakuja kwangu!

Mchana simu yangu ikalia. "Muuzaji amefika kituoni." Kituo! Nyumba ya baba! Mara geti likagongwa. Nikadhani mgeni. Ni Anakleti, kasimama nje na ndoo zake. Nikamwambia pita ndani, kulikoni leo? Akasema hapana dada, simu inasema muuzaji asiingie, wala asilale hapa. Akiingia anafungiwa asiuze tena. "Nasubiri hapa mpaka unikubali."

Nikampigia Qais. Mambo ya bima, anasema. Akakata.

Nimelifungua geti lote, pande zote mbili. Kahawa nimempelekea hukohuko nje. Kanywa kwa adabu, wima, akanirudishia kikombe. Hakuuliza habari za nyumbani. Yeye, ambaye huanza na afya ya kila mtu hadi paka! Simu inanionyesha picha yake na vitufe viwili: Kubali, Kataa. Nikikubali, nimeyakubali na hayo masharti. Nikikataa, anarudi Ulyankulu na asali yake, na atakachojua ni kwamba Tufaha kamkataa.

Naandika nimekaa kizingitini mwa chumba chake. Namwona. Amekalia ndoo, kofia mkononi. Nimemwita tena aingie, akatikisa kichwa. Sasa simu yake inalia, labda ni wale wa Mwanza. Anaitazama, ananitazama mimi, anaitazama tena. Amepokea. Kainuka, kanipa mgongo, na anashusha sauti ili nisisikie.