Mlango Niliomfungia Hamadi

Mjukuu wangu Salma,

Salamu zetu zikukute u mzima huko Zagreb. Sisi hapa Mankhool, Dubai, hatujambo, na bibi yako sasa anatembea bila fimbo.

Umeniuliza kuhusu yule bwana wa Kroatia ya kale unayemsoma chuoni. Mabwana wenzake walipojinyakulia ngome na ardhi, yeye alibaki na mfalme aliyedhoofika. Unataka kujua kama alifanya vyema. Mimi nina kisa kimoja tu kinachofanana na hicho.

Ujanani nilitunza ghala la vitambaa Bur Dubai. Arbab wetu, tajiri mwenye ghala na maduka, aliugua, akapelekwa ng'ambo kutibiwa. Huku nyuma wasimamizi wake wakajigawia maduka, kila mmoja akabadilisha kufuli. Mwisho wakamtuma kwangu Hamadi, rafiki niliyetoka naye Unguja na kulala naye chumba kimoja.

"Khalas, arbab harudi," akaniambia. "Nipe ufunguo wa ghala."

"Kanipa mwenyewe. Nitamrudishia mwenyewe."

"Hata mimi unaninyima?"

Nikamfungia mlango.

Arbab alirudi. Akawasamehe wote, maana bila wao biashara isingesimama. Lakini Hamadi aliona haya, akahamia Maskati, wala hatukuonana tena. Hadi leo nikivuka maji kwa abra, vile vimashua vya abiria, kwenda Deira, hutazama nyuso za wazee wenzangu.

Ufunguo nisingempa hata leo, Salma. Ila ukiandika juu ya bwana wako, usiishie kwa mfalme. Tafuta alimpoteza nani.

Babu yako akupendaye