Nyumba ya Babu Ina Wenyewe

Mama, shikamoo. Mvua ya Unguja haijakatika tangu nilipofika.

Jana nilibisha hodi kwenye ile nyumba ya babu, Mji Mkongwe, alimokuwa akiuza vitambaa tangu alipohamia kutoka Bara Hindi. Akafungua mwanamke wa umri wako. Nilipotaja jina la babu, akaziba mlango.

“Umekuja kutudai nyumba?”

Wanawe wawili wakateremka ngazi mbio. Mmoja akanikamata ukosi wa shati.

“Mie mjukuu wa Bi Zulekha tu,” nikababaika. “Mamangu kazaliwa humu.”

Yule mwanamke akamshika mwanawe mkono. “Mamako ndiye Shirini?”

“Naam.”

“Mwachie! Huyu nduguyo.”

Akakaa kizingitini akilia. Anaitwa Bi Asha. Mama yake, jirani wa bibi, alifariki akimzaa, na bibi akamnyonyesha pamoja nawe. Babu alipohama Unguja na familia yake mlikuwa wachanga bado. Sijui kama uliwahi kuambiwa, Mama, kwamba unaye dada wa kunyonya.

Nimekula bokoboko kwao mpaka nikashindwa kunyanyuka. Anauliza utakuja lini. Mungu akupe nguvu za kupanda boti.

Mwanao,
Rashidi