Alama za Baba Mlangoni

Lipangalala, Ifakara

Baba, shikamoo.

Pole na kazi ya miwa huko. Sisi wazima, mpunga wa Katindiuka umeanza kuchanua.

Ile ramani ya mafuriko ya mji, mimi na wataalamu tumeimaliza. Droni ilipiga picha mapaa yote, ila hakuna aliyejua mafuriko ya zamani yalifika wapi. Nikawapeleka wataalamu nyumbani kwetu, wakapima alama ulizokuwa ukichonga kwa kisu kwenye fremu ya mlango kila maji yalipoingia. Kompyuta ikachora njia ya maji kwa alama hizo. Chini ya ramani wameandika: “Vipimo vya Mzee Kelestini.” Ilipoonyeshwa, mkutano mzima wa wakazi ulipiga makofi.

Palipopakwa bluu, yaani maji yanapopita, hapatajengwa tena, waliopo watahamishwa. Nyumba yetu imo. Sikumwachia mtu mwingine aipake bluu kwenye ramani, nimeipaka mimi.

Fremu ya mlango nitahama nayo.

Mwanao anayejivunia kuwa wako,
Dativa