Sauti Iliyosema "Magoti"

Anti Edina,

Hili sijamwambia mtu, hata mama. Siku tunakuzika, sauti iliyosema "Magoti!" ilikuwa yangu.

Nilikuwa mkekani na kina mama, pale uani kwako Tandika. Sele na wacheza ngoma wenzake wakainama kubeba jeneza, migongo imepinda, magoti yamenyooka, kana kwamba hukuwahi kuwafundisha kunyanyua kitu bila kuumiza mgongo. Neno likanitoka. Wote wakakunja magoti kwa pamoja, wakavuta pumzi, ukanyanyuka vizuri, Anti. Taratibu, kama ulivyopenda.

Sasa Sele anaapa ni wewe. "Nawaambieni, Anti kasema mwenyewe, mle ndani ya jeneza! Hata kufa hajaacha kutugombeza." Wanacheka.

Hakuna aliyenidhania, maana hawaijui sauti yangu. Tangu nimalize kidato cha nne nilikuwa nakuja kwenye darasa lako pale ukumbini kila Jumamosi, nakaa nyuma, nafuata mazoezi, naondoka. Wewe tu ndiye uliyenisemesha. "We Neema, mabega yanafanya nini masikioni? Yanasikiliza umbea?" Halafu unaniwekea kiganja mgongoni, unangoja mpaka pumzi yangu ifike pale. Hukuwa na haraka na mimi. Hukuwa na haraka kabisa.

Ukumbini bado wanakuja. Wanakaa sakafuni, wanapiga stori, wanaondoka. Hakuna anayetaka kusimama pale uliposimama. Juzi Sele alitoka kucheza kwenye harusi Mbagala, mgongo umekaza, hawezi hata kufunga kiatu. Nilimwekea kiganja kama wewe, sikusema kitu. Nikangoja. Alipolegea akanitazama. "Kumbe dogo umeshika mambo ya Anti! Jumamosi si utuongoze?"

Nikaitikia kwa kichwa. Kwa kichwa tu, Anti.

Sasa naogopa. Siwezi kufundisha kimya kimya. Nikisema "magoti," wataijua ile sauti, nao watabaki bila sauti yako. Wanaipenda. Inawafanya wahisi bado uko nao. Lakini nikinyamaza, wataendelea kuumia, na hilo hungelivumilia.

Kwa hiyo nakuahidi: Jumamosi nitasimama mbele, mabega chini, niseme kwa sauti.

Kwaheri, Anti wangu. Pumzika, na taya ulilegeze, kama ulivyokuwa unatuambia tukilala sakafuni. Mpaka hiyo Jumamosi, acha Sele aamini ni wewe. Usimwambie mtu.

Neema