Mama Mdogo Alisikia Wimbo Wangu Akaondoka kwa Mumewe

Mpendwa mshauri Bi Maimuna, shikamoo, naomba msaada maana hata chakula hakipiti. Kila Jumamosi naimba nyimbo za kantri hapa Mafiga, mume wangu Oscar anapiga gitaa, na miaka yote tumeimba zile za zamani, mwanamke analia dirishani, mume anarudi amelewa, anasamehewa, watu wanapiga makofi, ila mimi zilianza kunikwama kooni, nikatunga wangu, humo mwanamke anakunja khanga zake na kuondoka mchana kweupe bila chozi. Mama mdogo Prisca alikuwa ameshuka kutoka mlimani kuuza karoti, akaja kutusikiliza, akasema, "Rudia, mwanangu," nikarudia, na wiki iliyofuata akaja kwangu na godoro kichwani, jicho limevimba. Sasa mumewe, baba mdogo Stephano, amenipigia, "Umeniharibia mke kwa kelele zako, Jumapili namfuata," na Oscar anasema niuache huo wimbo, Jumamosi tuimbe za zamani tu, yaishe, lakini mama mdogo akisikia hivyo anaanza kufunga vitu vyake, nami nawaza akirudi akauawa je, au akibaki nikaambiwa nimevunja ndoa ya kanisani. Nimekosa?

Veronika, Mafiga

Marahaba, Veronika. Pole sana, lakini tuliza kichwa. Jicho la mama yako mdogo limevimba kwa ngumi, na mwenye ngumi unamjua. Yeye ndiye anayekupigia simu kukutisha, halafu unajiuliza kama wewe ndiye umevunja ndoa! Acha.

Ila kuna jambo nakugombeza. Wewe na Oscar mnabishana kuhusu wimbo, na hakuna aliyekaa na Prisca akamuuliza anataka nini. Muulize leo hii. Akisema hataki kuwa mzigo, mwambie si mzigo, tena Oscar awepo na aseme hivyo hivyo. Kesho mpeleke polisi, dawati la jinsia, wampe PF3, ile fomu ya kwenda nayo hospitali, atibiwe. Mwenyekiti wa mtaa ajue kabla ya Jumapili, na Stephano akija akute watu wazima wamejaa sebuleni. Padre naye mwambieni. Kanisa halijamwagiza mtu apigwe.

Za zamani ziimbeni, hata mimi nimelelewa nazo. Lakini Jumamosi imba na huo wimbo wako, na Oscar apige gitaa. Prisca akitaka kuja, mtafutie kiti cha mbele. Asipotaka, mwache alale. Hadaiwi na mtu kuwa mfano kwa wengine. Kwanza apone.